Klorheksidini, Listerine, Betadine, peroksaidi au maji ya chumvi: usukutue ipi kama fizi zako ni za ugonjwa sugu

Nianze na meno yangu yalivyogeuka rangi, maana hayo ndo yalinifundisha hii mada kuliko mtu yeyote. Nilikuwa kijiweni Magomeni napiga kahawa yangu, kikombe cha tatu hicho na kashata mkononi, nikacheka utani fulani, mshkaji mmoja akanikodolea mdomoni akasema, "Kaka, umeanza ugoro lini?" Nikajua ananitania. Kufika nyumbani nikasimama mbele ya kioo nikavuta mdomo wa chini na kidole, weee, meno ya mbele yana mistari ya kahawia pale yanapokutana na fizi, kama kikombe cha chai ya rangi ambacho hakijasuguliwa wiki nzima, na ulimi nao umevaa koti. Na hapo mi najiona ndo natunza kinywa kuliko wote mtaani, kwa sababu kwa miezi minne nilikuwa nasukutua klorheksidini asubuhi na usiku bila kukosa. Niliinunua duka moja la dawa, muuzaji akasema "tumia tu, hii nzuri sana ya fizi", hakusema mwisho wake lini na habari ya kahawa hakuigusa kabisa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza dawa ipi ya kusukutua inafaa fizi zinazotoa damu kila siku, simjibu kwa jina la chupa. Namuuliza kwanza, unataka kuitumia kwa muda gani, na je, umeshasafishwa meno? Chupa iliyo bora kwa wiki mbili inaweza ikawa balaa kwa miezi minne, na ile iliyo dhaifu kwa wiki mbili inaweza ikawa ndo rafiki yako wa mwaka mzima.

Tuelewane kidogo tunapigana na nini. Ule utando laini unaoukwangua na ukucha asubuhi ndo ukoga, ni bakteria walio hai wamejijengea mji. Ukiachwa siku kadhaa unanyonya madini ya mate unakuwa ugaga, mgumu kama chokaa, huo mswaki hauutoi hata usugue mpaka mkono uume. Fizi zikichokozwa na ukoga zinavimba na kutoa damu, na hapo bado unaweza kurudi mzima kabisa. Ila ukiacha miaka ipite, kwa baadhi yetu ugonjwa unashuka chini, unakula mfupa unaoshika jino, fizi inaachana na jino panabaki kama mfuko, na mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Hiyo ndo fizi sugu. Tusijione wapweke, Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2022 lilikadiria wagonjwa wa hatua ile kali ni zaidi ya bilioni 1 duniani, karibu mtu mzima mmoja kwa kila watano.

Siku niliyoenda kwa daktari wa meno na hayo meno yangu ya kahawia, alinilaza kwenye kiti akachukua kijichuma chembamba chenye alama za milimita, akawa anakitembeza pembeni ya kila jino huku nesi anaandika. Tatu, mbili, tatu, tatu, tano, sita. Nasikia tu namba zinapanda kadiri anavyoelekea meno ya nyuma na mi nimeachama siwezi kuuliza. Alipomaliza akaniambia, "Kaka, mpaka tatu ni kawaida, nne tunaanza kukuangalia vizuri. Huku nyuma una sita. Hayo maji unayosukutua huko chini hayafiki, yanaishia mlangoni." Nikamwambia dokta lakini mi nasukutua dakika nzima, tena kwa nguvu. Akaniuliza kama nishawahi kuosha sufuria lenye ukoko. Nikasema nishaosha sana. "Ukimimina maji ukayazungusha ukamwaga, ukoko unatoka?"

Nilinyamaza. Basi hapo ndo pa kuanzia kabla hujatoa hela ya chupa yoyote: ugaga unakwanguliwa, kwa mashine na kwa vyuma vya mkono, mara nyingine kwa awamu mbili tatu na sindano ya ganzi kama umeshuka chini sana. Dawa ya kusukutua inafanya kazi juu ya fizi, inazuia ukoga mpya usijipange upya haraka, inakusaidia siku ambazo mswaki unauma. Na ile tabia yetu ya kukimbilia Flagyl na amoksilini kila fizi zikivimba iko kwenye kapu hilohilo, maumivu yanapoa siku tano, ugaga uko palepale, mwezi wa pili umerudi dirishani kwa muuzaji yuleyule.

Sasa chupa zenyewe.

Klorheksidini ndo mkubwa wa ukoo. Kwenye lebo utaona Chlorhexidine Gluconate na asilimia yake, kwa Uingereza ndo Corsodyl, huku kwetu utakuta zaidi chupa za kutoka India zenye majina tofautitofauti, we angalia kiambato usihangaike na jina. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1954 kama dawa ya kusafishia ngozi na vidonda, alafu mwaka 1970 watafiti wa Denmark wakaonyesha kitu cha ajabu, vijana waliacha kabisa kupiga mswaki wakawa wanasukutua tu dawa hii ya asilimia 0.2 mara mbili kwa siku, na ukoga haukujipanga. Siri yake ni kung'ang'ania. Dawa nyingi ukitema zimeondoka na mate, hii inagandia kwenye meno na ngozi ya ndani ya mdomo inaachia kidogokidogo kwa muda wa kama masaa 12, ndo maana mara mbili kwa siku inatosha.

Shida ni kwamba kinachoifanya iwe nzuri ndo hichohicho kinachokuchafua. Inagandia, na rangi ya chai, kahawa na divai nayo inakuja kugandia juu yake. Mimi na kahawa ya kijiweni vikombe vitatu kwa siku, we piga picha. Mapitio makubwa ya tafiti 51 yaliyotoka 2017 yalisema wazi kwamba ukiiongeza juu ya mswaki ukoga unapungua sana, ila kwa watu wenye fizi zilizovimba kidogo tu, faida kwenye uvimbe wenyewe ilikuwa ndogo mno, na madoa yalionekana kuanzia wiki ya nne na kuendelea. Kwa hiyo ukiitumia wiki nne mpaka miezi sita, madoa utayalipia. Afadhali tu kwamba madoa yenyewe yako juu ya jino, hayajaingia ndani, daktari anayang'arisha yanatoka. Yangu yalitoka siku moja, kwenye kiti, na nililipia.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni ladha. Wiki ya pili hivi nikaanza kuona mchuzi hauna chumvi. Mama watoto akaweka samaki wa nazi mezani, nikaonja, nikanyoosha mkono kwenye kikopo cha chumvi, akaniangalia tu. Siku ya tatu akasema, "Baba, hiki chakula kina chumvi ya kutosha, watoto wanakunywa maji kila dakika, wewe tu ndo unaongeza." Kumbe klorheksidini inafifisha ladha ya chumvi hasa, unaacha kuitumia inarudi yenyewe. Lakini kwa mtu mwenye presha hilo sio la kucheka, unajimwagia chumvi bila kujua. Na kwa habari ya presha, watafiti wa London mwaka 2013 waliwapa watu 19 wazima dawa hii kwa wiki moja, presha zao zikapanda kidogo, milimita mbili tatu za zebaki hivi, kwa sababu inaua pia bakteria wa ulimini wanaosaidia mwili kutumia ile naitreti ya kwenye mboga za majani. Ni watu wachache na ni wiki moja, sio sababu ya kuikimbia ukiandikiwa na daktari, ila ni sababu nyingine ya kutoigeuza kuwa maji ya kila siku.

Na namna ya kuitumia ina mtego ambao watu karibu wote tunaanguka. Tunapiga mswaki na dawa ya povu, tunatema, papo hapo tunasukutua. Lile povu la dawa ya meno linaiua nguvu klorheksidini, vinapingana kabisa. Suuza kwanza na maji vizuri, subiri kama nusu saa, ndo usukutue mililita 10 za asilimia 0.2 kwa dakika moja, uteme, na usisuuze na maji juu yake wala usikimbilie chai. Ukikuta ya asilimia 0.12, ile ya mtindo wa Marekani, hiyo ni mililita 15 kwa sekunde 30, usidhani umepunjwa, ukipiga hesabu kiasi cha dawa kinachoingia mdomoni ni miligramu 18 kwa 20, karibu sawa.

Mzio wake ni nadra lakini ukija unaweza kuja vibaya. Mdomo ukivimba, mwili ukitoka vipele au pumzi ikibana, unaacha saa hiyohiyo na unaenda hospitali, usisubiri kesho.

Ukiniuliza niiweke wapi: baada ya kukwanguliwa, kwa wiki mbili, au baada ya kung'olewa jino au kushonwa fizi ambapo mswaki hauwezi kugusa. Kwa kazi hiyo hakuna ya kuifikia hapa. Nje ya hapo naiacha dukani.

Listerine na ndugu zake wa mafuta ya mimea ni habari nyingine kabisa. Hii ni ya zamani kuliko klorheksidini, ilitengenezwa St. Louis huko Marekani mwaka 1879, ikapewa jina la Joseph Lister yule daktari mpasuaji wa Uingereza aliyeanzisha mambo ya kuua vijidudu kwenye upasuaji. Ndani kuna thimoli, yukaliptoli, mentoli na methili salisileti, ukiifungua inanukia kama umefungua kikopo cha dawa ya kuchua. Haigandii kama klorheksidini, kwenye kuzuia ukoga haiifikii, hilo halina ubishi. Ila kwenye uvimbe na damu za fizi kwa matumizi ya muda mrefu, tafiti zilizozilinganisha hazikuona tofauti ya maana kati ya hizi mbili, na hii haikupaki rangi ya ugoro. Ndo maana mtu mwenye fizi sugu ambaye ameshasafishwa na anataka kitu cha kumsindikiza miezi na miezi, mi namwelekeza huku.

Lakini inaunguza jamani. Zile za kawaida zina pombe asilimia 20 na zaidi, mara ya kwanza nilihesabu mpaka kumi machozi yakanitoka nikatema. Kama mdomo wako mkavu, au una vidonda, utateseka. Kama unatumia Flagyl wakati huo, lebo za Flagyl zenyewe zinasema kaa mbali na pombe, basi usiitie mdomoni. Na wale ambao pombe kwao ni suala la dini au ni mtu ameacha kunywa hataki hata harufu yake, zipo zisizo na pombe, Listerine yenyewe wana ile ya Zero, mafuta ni yaleyale minus ule moto. Mi saa hizi natumia isiyo na pombe na sijaona nimepungukiwa kitu. Watoto chini ya miaka 12 hii si yao.

Hapo katikati kuna zile za rangi ya bluu na kijani za kwenye supamaketi, Colgate Plax na wenzake, kiambato ni setilpiridinamu kloraidi. Sina mengi. Ni laini, haziunguzi, zinapunguza ukoga kiasi, na zenyewe pia hazipatani na povu la dawa ya meno. Kama Listerine imekushinda kabisa hata isiyo na pombe, chukua hii. Angalia tu kiambato kiwepo kweli kwenye lebo, maana nyingine ni maji ya harufu na rangi, zinaficha harufu ya mdomo saa moja na fizi hazijui hata kama zimetembelewa.

Betadine hapa inawachanganya watu na ningependa niseme polepole. Povidoni ayodini, ndo kiambato cha Betadine, ya kusukutua ni ya asilimia 1, imeandikwa ya kusukutua au ya koo. Ile chupa ya kahawia iliyopo karibu kila nyumba ya kupakia kidonda ni asilimia 10, hiyo ni ya ngozi, usiimimine mdomoni kwa kukadiria kwa macho. Nasema hivi kwa sababu binamu yangu alifanya hivyo na akaja na midomo imechubuka anauliza kwa nini ayodini ya kwao ni kali hivi. Ile sahihi inaua vijidudu vya aina nyingi, haraka, na madaktari wa meno wengine wanaitumia kuoshea ndani ya mifuko ya fizi wakiwa wanakwangua, kwa kisindano, hapo inafika kule ambako kusukutua hakufiki. Ila ukitema imeondoka, haibaki kulinda. Na ayodini inanyonywa mwilini, kwa hiyo mwenye rovu au tatizo lolote la tezi ya shingo, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye mzio wa ayodini, na mtoto chini ya miaka 6, hao wote wasiiguse bila daktari kusema. Hata mzima haipiti siku 14. Kwa fizi sugu za kila siku mi naiona kama mgeni wa siku chache, mwenyeji haiwezi kuwa.

Peroksaidi, ile haidrojeni peroksaidi ya chupa nyeupe au ya kahawia, ina mvuto wake kwa sababu unaiona ikifanya kazi. Ukisukutua inakuwa povu jeupe mdomo mzima, linajaa mashavu, ukitema kwenye sinki linashuka taratibu na vinyuzi vya damu ndani yake, unasema leo nimeua. Lile povu ni oksijeni tu inayotoka peroksaidi ikikutana na damu na nyama za mdomo, na inasaidia kweli kuinua uchafu laini kwenye fizi zilizovimba. Basi ni hapo tu. Ya famasi ni asilimia 3, unachanganya kifuniko kimoja na vifuniko viwili vya maji inakuwa asilimia 1, au kimoja kwa kimoja inakuwa 1.5, dakika moja, unatema, usimeze. Siku chache zinatosha, ukiifanya desturi inachubua ngozi ya mdomo na kuna watu ulimi unaota kama manyoya meusi, haiumi lakini inatisha. Na tafadhali ile ya saluni ya kubadilisha rangi ya nywele ni asilimia 6, 9 mpaka 12, hiyo hata ukiichanganya na maji mdomo sio mahali pake. Soma namba kwenye chupa kabla hujafungua.

Maji ya chumvi nimeyaweka mwisho na sio kwa dharau. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, yanatuliza fizi iliyotoka kukwanguliwa au jino lililong'olewa jana, yanaosha mabaki ya chakula, na yako kila jiko kuanzia Tandahimba mpaka Bukoba. Bibi zetu hawakukosea. Ila kwa kipimo hicho sio dawa ya kuua bakteria wa ukoga, na mtu mwenye mfuko wa milimita sita akinambia yeye anatibu kwa chumvi tu namwonea huruma, maana nilikuwa hivyohivyo miaka ya nyuma, damu ikipungua wiki moja nasema nimepona. Ukiongeza chumvi nyingi ili "iwe kali" unajichubua tu.

Kwenye hela, usilinganishe bei ya chupa na chupa, linganisha bei ya siku. Klorheksidini mililita 10 mara mbili ni 20 kwa siku, wiki mbili ni 280, kwa hiyo chupa mbili za mililita 150 zinakumalizia kozi nzima na zinabaki 20. Baada ya hapo hununui tena mpaka daktari aseme. Listerine na hizo za supamaketi unakwenda mililita 20 mara mbili, yaani 40 kwa siku, chupa ya 500 inakata siku 12 na asubuhi ya 13, mwezi mzima unataka zaidi ya chupa mbili. Kwa hiyo ile inayoonekana ghali pale dirishani inaweza ikawa nafuu kwa kozi, na ile ya bei poa ndo inakukamua kila mwezi. Mi nilipopiga hesabu hiyo nikagundua hela ya miezi mitatu ya kusukutua ingenitosha kununua vile vibrashi vidogo vya katikati ya meno vya kutosha, na kusema ukweli hivyo ndo vimepunguza damu zangu kuliko chupa zote nilizotaja, maana vinaingia pale kwenye kona ambako mswaki unapita juujuu. Siku za kwanza damu ilitoka nyingi nikataka kuacha. Dokta akasema endelea kwa upole, na kwenye wiki ya pili kibrashi kikaanza kutoka cheupe.

Kwa wanaofunga, klorheksidini inakaa vizuri tu na ratiba, nilikuwa nasukutua baada ya futari mdomo ukishatulia na tena baada ya daku kabla ya adhana, masaa yanapishana vya kutosha na huna wasiwasi wa kumeza mchana. Shida ni ile chai ya futari. Kunywa chai yako kwanza, suuza, piga mswaki, subiri, ndo usukutue ulale.

Sasa nikuweke kwenye mizani kama nilivyofanya kwa binamu huyohuyo wa Betadine aliponipigia tena. Kama fizi zinatoa damu na hujawahi kusafishwa meno maishani, usinunue chupa yoyote leo, hiyo hela ianzishie safari ya kliniki ya meno, na ukisubiri siku yako sukutua chumvi na ushike mswaki laini. Kama umetoka kukwanguliwa jana na kila kitu kinauma, klorheksidini wiki mbili, na kahawa uipunguze au uiache kabisa hizo siku 14, mi sikuweza kuacha nikapunguza mpaka kimoja. Kama umeshasafishwa, mifuko imepungua, unarudi kuangaliwa kila miezi mitatu minne kama tunavyoambiwa sisi wa fizi sugu, na unataka kitu cha kuongezea, mafuta ya mimea bila pombe, na utumie muda tofauti na mswaki, kwa mfano mchana baada ya kula, ili usioshe ile floraidi ya dawa ya meno iliyobaki kwenye meno usiku. Kama una kisukari, hapo usibahatishe na chupa, sukari inaharibu fizi na fizi mbovu zinaipandisha sukari, mwambie daktari wa kisukari na wa meno wote wawili wajue. Kama unavuta sigara, usifurahie kwamba hutoki damu, sigara inaficha damu huku mfupa unaliwa kimyakimya. Na kama shavu limevimba, usaha unatoka, una homa au jino limeanza kucheza ghafla, acha kusoma hapa nenda leo.

Binamu akauliza, "Sasa kaka, kwa hiyo mi ninunue nini?" Nikamwambia kwanza nenda ukapimwe hizo namba zako, ukirudi nitajie, tutaongea chupa. Alirudi na tano nyingi na sita mbili, amekwanguliwa upande mmoja, na karatasi ya klorheksidini mkononi.

Nikamwazima maka peni. Chupa yangu ya mwisho ya klorheksidini, niliyopewa baada ya kukwanguliwa upande wa kushoto, niliiandika ubavuni tarehe ya kuanza na tarehe ya kuacha, kwa maandishi makubwa, nikaiweka kwenye sinki pale ambapo mama watoto naye anaiona. Siku ya 14 ilikuwa imebaki vidole viwili kwenye chupa ya pili. Nilitamani nimalizie. Yeye akaichukua akaimwaga.